Kopo la Sijaelewa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanafunzi wangu wananiita Birika, wakidhani sijui, eti nikianza kuchemka mfuniko unacheza. Sawa, wana haki yao. Lakini ya Alhamisi ile haikuwa hasira ya birika. Nilisimama mbele ya mlango wa ofisi ya walimu, begi bado liko begani, nikasoma karatasi iliyobandikwa pale kwa gundi.

"Wanafunzi wafuatao wa darasa la mwisho hawatafanya mtihani wa kumaliza shule mwaka huu. Watarudia darasa." Chini yake majina kumi na moja, sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri. Jina la nne lilikuwa la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, msichana ninayekaa naye nyumba moja tangu baba yake alipofariki.

Mtasema hasira zilinipanda kwa sababu ni damu yangu. Hapana, hebu nisikilizeni. Mpwa wangu alipata sitini na nane katika jaribio la hesabu la mwezi uliopita, na nililisahihisha mimi mwenyewe kwa kalamu yangu nyekundu. Wapo watoto waliopata thelathini na kitu ambao majina yao hayakuwa mlangoni. Nikaisoma orodha mara ya pili, kisha ya tatu, ndipo nikaona wale kumi na mmoja wanafanana kwa jambo gani.

Jambo lenyewe nililianzisha mimi, kwa hiyo lazima nilieleze.

Miaka kumi na sita nilifundisha hesabu kwa namna moja tu. Naandika ubaoni, wananakili, nauliza "mmeelewa?", wanaitikia "ndiyooo", natoka. Mwanzoni mwa mwaka huu nikawapa swali nililoliona jepesi: theluthi moja jumlisha robo moja. Kati ya watoto arobaini na wanne, thelathini na mmoja waliandika mbili juu ya saba. Walijumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, wakafunga madaftari wameridhika. Niliwafokea mpaka koo likakauka. Jioni nikaja kumalizia kufoka nyumbani, nikimsimulia dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa ameinamia sketi ya mteja, hanisikilizi. Mpwa wangu alikuwa anaosha vyombo. Akasema bila kugeuka:

"Mjomba, we ukiuliza kama tumeelewa, nani atasema hapana? Ukiambiwa hapana unawaka."

Dada yangu akacheka hadi akasimamisha cherehani. Mimi sikucheka. Usiku ule nilijiuliza ni ndiyo ngapi za uongo nimeshazipokea katika miaka kumi na sita, na nikaona aibu.

Wiki iliyofuata nikaingia darasani na karatasi nilizozikata robo robo. Nikawaambia, kila mwisho wa kipindi kila mtu ataandika kitu kimoja ambacho hajakielewa. Kama ameelewa vyote, aandike "nimeelewa". Jina liwe juu, ili nijue nani nimrudie na kwa njia ipi. Na nikawaahidi, mkono kifuani: "Hizi nitasoma mimi peke yangu. Hazina alama, hazina adhabu, na siku nikiwaka kwa sababu ya karatasi, mnikumbushe."

Siku za kwanza karibu wote waliandika "nimeelewa". Mpwa wangu ndiye aliyeanza. Aliandika: "Sijaelewa kwa nini vya chini havijumlishwi." Kesho yake nikaanza na swali hilo bila kutaja mtu. Nikawapa karatasi wazikunje, nikawapa kamba waikate, nikawagawa watano watano na vifuniko vya soda mezani, waliokwisha kuelewa wakawaeleza wenzao kwa maneno yao, mimi nikiwa nimekaa nyuma nimejiuma ulimi. Watoto wakaona kumbe ukisema hujaelewa, kesho unaletewa. Karatasi zikaanza kusema kweli. Mmoja aliandika, "Ukifuta ubao haraka napotea." Nikaacha kufuta haraka. Nilizihifadhi zote katika kopo la biskuti, na kila Ijumaa nilizimwaga kitandani, nikazipanga kwa mafungu, nikapanga vipindi vya wiki inayofuata kwa kuyatazama mafungu hayo. Nilipolirudia lile swali la theluthi na robo, waliokosa walikuwa tisa.

Hapo kichwa kikanivimba. Ndiyo, nakiri. Kwenye kikao cha walimu nikalibeba kopo, nikaliweka katikati ya meza, nikapiga domo robo saa nzima. Mwalimu mkuu, mama mmoja wa miwani mikubwa na sauti ya upole usioaminika, akanivika kilemba cha ukoka mbele ya wote: "Huyu ndiye mwalimu wa kuigwa. Kopo hili likae kwa mwalimu wa taaluma, wakaguzi wakija wajionee." Nikaliachia. Sikukumbuka ahadi hata kidogo. Nilikuwa nafikiria wakaguzi watakavyonipa mkono.

Mwalimu wa taaluma tunamwita Wastani, kwa sababu hana wimbo mwingine. Wastani wa shule, wastani wa darasa, wastani umeshuka, wastani lazima upande. Asubuhi ile ya Alhamisi nilimkuta anakunywa chai.

"Hii orodha umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwako, kaka," akajibu, wala hakutania. Akavuta droo akatoa kopo langu, na daftari lililopigwa mistari kwa rula. "Kazi nzuri sana umeifanya. Nimehesabu karatasi moja moja. Huyu 'sijaelewa' kumi na tisa. Huyu ishirini na mbili. Huyu," akagonga jina la mpwa wangu kwa kidole, "ishirini na saba. Ishirini na saba! Mtu kama huyo unampelekaje kwenye mtihani?"

"Alipata sitini na nane."

"Jaribio moja hilo, anaweza akabahatisha. Hizi hapa ni za muhula mzima, tena kwa mwandiko wake. Wenyewe wamekiri."

"Na huyu wa thelathini na nane kwa mia, mbona hayumo?"

Akafungua daftari. "Huyu kila siku ameandika 'nimeelewa'. Hana tatizo."

Nilimkodolea macho. Alikuwa na uso mkavu wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Waliosema kweli kaandika majina yao mlangoni, waliodanganya kawaacha, na chai yake anaipuliza ipoe. Nikakumbuka pia kwamba Jumatatu, nikiwa nasahihisha madaftari kwenye kona, nilimsikia akiwasomea wenzake karatasi fulani na wote wakaangua kicheko: "Nikiitwa ubaoni natetemeka, hata ninachokijua kinapotea." Nilisikia, nikainamia madaftari yangu. Nilijifanya sijui karatasi ile inatoka kopo gani.

Nililipokonya kopo mezani, nikaenda nalo moja kwa moja hadi kwa mkuu. Sikubisha hodi. Nikapayuka, nikagonga meza, nikasema maneno ambayo mtu hamwambii bosi wake. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akanisubiri niishiwe pumzi.

"Umemaliza? Kaa basi. Mwaka jana tulikuwa wa mwisho kabisa. Mwaka huu tukiwa wa mwisho tena, mimi sipo hapa, na wewe na mbinu zako hampo. Watoto kumi na mmoja wakisubiri mwaka mmoja hawafi."

"Wanasubiri nini? Wamesema hawajaelewa ili tuwafundishe!"

"Punguza sauti. Najua mmoja ni mtoto wa dada yako." Akavaa miwani. "Huyo tutamtoa kwenye orodha. Kimya kimya. Sasa nenda darasani."

Sikusema ndiyo na sikusema hapana. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Jioni nikamweleza dada. Alinisikiliza, safari hii cherehani imenyamaza.

"Kaka, sasa unafikiria nini? We chukua hiyo nafasi. Hao wengine wana mama zao, wakapiganiwe na mama zao."

"Waliandika kwa sababu niliwaahidi mimi."

"Na mwanangu hukumwahidi?" Akaichomeka sindano kwenye kitambaa kwa nguvu. "Mwaka mzima anaamka kabla yangu anasoma. Usimchezee mwanangu kwa ajili ya ubishi wako na walimu wenzio. Nakujua wewe."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza swali moja tu. "Mjomba, walizisoma zote? Hata ile ya kutetemeka?"

"Hata ile," nikasema.

Akarudi chumbani. Tangu hapo hakunisemesha, na mezani alinisogezea sahani kama mtu anayemhudumia mgeni asiyemjua.

Ijumaa wazazi wakaitwa, pamoja na watoto wao, kwenye darasa lililo karibu na ofisi. Wazazi watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu, watoto wamesimama ukutani. Dada alikuwapo kwa sababu barua za mwito ziliondoka kabla ya jina kufutwa. Mkuu akatoa hotuba kuhusu manufaa ya watoto, akachukua karatasi mpya, iliyopigwa chapa upya, akasoma majina. Nilihesabu kwa vidole. Yalikuwa kumi.

Dada akashusha pumzi. Akanitazama na kunitikisia kichwa kidogo, kwamba nitulie. Mbele yangu, kando ya ukuta, alikaa baba mmoja, fundi bomba, mikono bado ina grisi, amemshika binti yake kiganja, na binti yake ndiye aliyeandika ile ya kufuta ubao. Binti alikuwa ananitazama mimi. Hakumtazama mkuu wala Wastani.

Nikasimama. "Wako kumi na mmoja," nikasema.

"Mwalimu, kaa chini," akasema mkuu.

"Wako kumi na mmoja. Wa kumi na moja ni mpwa wangu, ameondolewa jana ili mimi ninyamaze. Ana 'sijaelewa' nyingi kuliko wote. Kama wao hawafai, yeye hafai zaidi. Mrudisheni."

"Kaka!" Dada alisimama hadi dawati likainuka naye. "We una akili kweli? Mwanangu!"

Wazazi wakaanza kuulizana, sauti zikapanda. Wastani akaona hapa ndipo pa kunimaliza. Akachukua chaki, akaandika ubaoni theluthi moja jumlisha robo moja, kwa tarakimu kubwa. "Tusipotezeane muda. Huyo bingwa wa mwalimu aje alikokotoe mbele ya wazazi. Akiweza, tutazungumza."

Alijua. Alikwisha kuisoma karatasi ile mbele ya chumba kizima cha walimu, alijua kabisa anamwita wapi. Mpwa wangu akatoka ukutani, akaenda ubaoni, akashika chaki. Mkono ukaanza. Chaki ikagonga ubao, tik tik tik, haiandiki kitu. Shingo yake ilikuwa imelowa. Tukasikia mtu anacheka kwa puani, na sikuhitaji kugeuka nijue ni Wastani.

"Mpe karatasi!" nikapiga kelele. Nilikuwa nachemka hadi machoni, sioni vizuri. "Unapima hesabu au unapima woga? Mpe karatasi akae chini kama mtu!"

Hakuna aliyempa. Nikafungua kopo, nililokuwa nimekuja nalo, nikatoa karatasi iliyo tupu, kubwa kidogo, nikamwekea kwenye dawati la mbele. Hakunitazama. Akakaa, akaikunja mara tatu kwa upana, akaifunua, akaikunja mara nne kwa urefu, akaifunua. Mikunjo ikatoa vyumba kumi na viwili. Mkono ulikuwa umetulia. Akachora mistari kwenye safu moja ya kusimama, vyumba vinne. Akachora kwenye mstari mmoja wa kulala, vyumba vitatu.

Wastani aliinama, akahesabu kwa kidole vyumba vilivyochorwa. "Sita! Mnaona? Sita juu ya kumi na mbili, yaani nusu. Amekosa. Nilisema mimi."

Mpwa wangu akainua uso. "Hapana, mwalimu," akasema, pole pole, kama nilivyomsikia akiwaeleza wenzake kundini. "Hiki cha kona kimechorwa mara mbili. Kimo kwenye theluthi na kimo kwenye robo. Ukikihesabu mara moja unamdhulumu mmoja wao. Kwa hiyo nakihamishia hapa." Akachora chumba kingine pembeni. "Ni saba. Saba juu ya kumi na mbili."

Wastani akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu. Masikio yakamgeuka rangi.

"Na mwanangu mpeni karatasi," akasema fundi bomba. Hakuwa amepaza sauti. Mama mmoja nyuma akasema na wake pia, na wa tatu akasema, mpaka mkuu akalazimika kugawa kurasa za daftari lake mwenyewe. Watoto kumi wakakaa sakafuni, wakakunja. Mmoja alikosea, akamwangalia jirani yake, akakunja tena. Mwishoni, katika wale kumi na mmoja, tisa walipata saba, na wale wawili waliweza kuonyesha ni mkunjo gani uliowapoteza. Mkuu akazikusanya karatasi zile. Akasema atalifikiria suala hili upya, akatoka na mkoba wake kwapani.

Jumatatu orodha haikuwapo mlangoni. Alama za gundi tu. Hakuna aliyeomba radhi, na Wastani alinipita koridoni kama anapita nguzo. Dada naye alikuwa ameshaniambia yake njiani Ijumaa ile: "Imekwenda vizuri kwa bahati. Mtoto angeshindwa je? Ungemkosesha mtihani ili wewe ushinde." Alisema kweli, nami nilikuwa sijalifikiria hadi aliposema.

Hata hivyo niliingia darasani nimejaa ushindi. Nikafundisha asilimia kwa makundi, kwa mchoro, kwa mchezo wa kuuziana penseli. Dakika tano za mwisho nikagawa robo karatasi, nikazikusanya, nikakaa mezani pangu kuzisoma hapo hapo, wao wakipanga madaftari.

Nimeelewa. Nimeelewa. Nimeelewa yote, asante mwalimu. Nimeelewa. Binti wa fundi bomba: nimeelewa. Yule wa thelathini na nane, kama kawaida yake: nimeelewa. Nilizipitia zote, nikazirudia. Karatasi arobaini na tatu, zote zimeelewa, na nilijua hakika kwamba nusu ya darasa lile haijui asilimia hata ya kuombea maji. Damu ikanichemka, nikafungua kinywa nifoke, na kinywa kikabaki wazi. Ningemfokea nani?

Ya arobaini na nne ilikuwa imekunjwa mara tatu kwa upana, mara nne kwa urefu. Haikuwa na jina. Mwandiko naujua tangu ulipokuwa wa penseli.

"Sijaelewa kwa nini uliwapa kopo letu. Ulisema utasoma peke yako."

Nikainua macho. Mpwa wangu alikuwa anafunga zipu ya begi lake, anaifunga na kuifungua.

Niliwaambia wakae. Nikawaambia kuna karatasi moja imeuliza swali, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesema kila swali litajibiwa, nitalijibu, ila si kwa mdomo, maana mdomo wangu wameshausikia ukiahidi. Nikakata robo karatasi. Mkono ulikuwa unatetemeka, na darasa zima lilikuwa linautazama ukitetemeka. Nikaandika: "Niliwapa kwa sababu nilitaka kusifiwa. Na nilipowasikia wakiwacheka, nilinyamaza."

Juu kabisa nikaandika jina langu, kama nilivyowaagiza wao. Kisha nikatoka nayo, watoto arobaini na wanne wamenifuata hadi kizingitini, nikaenda kuibandika kwenye mlango wa ofisi ya walimu, pale pale penye alama za gundi.